Pumzi ya Jokofu la Kioo

Jokofu la maonyesho, ambalo wenye maduka wengi huliita friji ya kioo, ni kabati lenye mlango wa kioo linalohifadhi vinywaji, maziwa, nyama au samaki katika ubaridi huku likimwezesha mnunuzi kuiona bidhaa kabla ya kuitaja, na kwa kuwa lina kazi hizo mbili, kupoza na kuonyesha, mara nyingi huhukumiwa kwa ile ya pili peke yake. Kioo hufutwa kila asubuhi, chupa hupangwa nembo zikitazama mlangoni, na taa ya juu hubadilishwa siku ileile inapoungua. Lakini upande wa nyuma na wa chini, ambako kazi yenyewe ya kupoza hufanyika, huachwa miezi na hata miaka bila kuguswa. Kumbukumbu hizi zinatokana na miaka minne ambayo mwandishi wake aliishi akisimamia duka la vinywaji na vyakula katika kijiji cha Kewanja, wilayani Tarime, mkoani Mara, na zinahusu upande huo usioonekana, kwa sababu karibu kila hasara iliyolipata duka lile ilianzia huko.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba jokofu halitengenezi baridi. Baridi si kitu kinachomiminwa ndani ya kabati kama maji ndani ya ndoo. Ni hali inayobaki baada ya joto kuondolewa, na jokofu ni chombo cha kulichukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Mchukuzi wa joto hilo ni gesi ya kupozea, inayozunguka katika mirija iliyozibwa pande zote. Kompresa, yaani pampu ya umeme iliyofungiwa ndani ya chungu cheusi cha chuma chini ya kabati, huikandamiza gesi hiyo mpaka ikawa ya moto. Gesi ya moto hupita katika kondensa, ambayo ni koili ya mirija iliyovalishwa mabati membamba yaliyosimama bega kwa bega kama kurasa za kitabu, na hapo feni huvuta hewa ya dukani na kuipitisha kati ya kurasa hizo, gesi ikapoteza joto lake na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho hupenya katika mrija mwembamba sana uitwao kapilari, shinikizo lake hushuka ghafla, kisha huingia katika koili ya ndani ya kabati, ambako huchemka na kurudi kuwa gesi kwa kunyonya joto la soda, la maziwa na la hewa iliyo ndani. Yeyote aliyewahi kupakwa spiriti mkononi kabla ya kudungwa sindano ameshaonja kanuni hiyo kwa ngozi yake: kimiminika kinachogeuka mvuke huondoka na joto la mahali kilipokuwa. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1834, na ingawa vifaa vimebadilika sana tangu hapo, mzunguko wenyewe ni uleule.

Kutokana na maelezo hayo mtu anaweza kuona mwenyewe kwa nini vumbi ni adui mkubwa kuliko uchafu mwingine wowote. Joto lililotolewa kwenye maziwa halina njia nyingine ya kutoka isipokuwa kati ya yale mabati membamba, na yakizibwa, gesi hurudi kwenye koili ya ndani ikiwa bado na joto, shinikizo hupanda, kompresa hufanya kazi kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, umeme hutumika kwa wingi, mafuta ya kulainisha yaliyo ndani ya kompresa huanza kuharibika, na hatimaye ovalodi, ambayo ni swichi ndogo ya kuikinga kompresa isiungue, huukata umeme kila baada ya dakika chache. Mwenye duka husikia mlio mdogo wa kuwaka na kuzima, huona soda haipoi, na hukata shauri kuwa gesi imeisha.

Kewanja ni mahali ambapo vumbi halihitaji kutafutwa. Kijiji hiki kinapakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na biashara yake imefungamana na ile ya Nyamongo, kituo cha biashara kilichokua pamoja na mgodi huo, hivi kwamba malori, mabasi madogo na pikipiki hupita mchana kutwa. Kwa kusini Mto Mara, unaotoka nyanda za Mau nchini Kenya na kuelekea Ziwa Victoria, unaitenga Tarime na Serengeti, na magari yaendayo Mugumu huvuka hapo. Katika kiangazi cha katikati ya mwaka majani ya migomba iliyo kando ya barabara hubadilika rangi kwa vumbi, na hewa hiyohiyo ndiyo inayovutwa na feni ya kila jokofu lililowekwa karibu na mlango wa duka, mahali ambapo wafanyabiashara hupapendelea kwa sababu mpita njia huziona chupa kutoka barabarani. Penye wateja wengi huwa pia na jiko la chipsi barazani, na mvuke wa mafuta ya kukaangia unaponata kwenye kondensa, vumbi linalofuata halipeperuki tena. Hushikana kama gundi. Kwa maoni ya mwandishi, jiko la chipsi lililo hatua tatu kutoka kwenye jokofu huliharibu kuliko barabara yenyewe.

Duka linalozungumziwa hapa lilikuwa na jokofu moja la milango miwili lililonunuliwa likiwa limeshatumika, na humo mlikaa soda na maji upande mmoja, maziwa na mtindi upande wa pili. Katika mwaka wa kwanza lilipoteza nguvu mara tatu, na mara zote tatu aliitwa fundi mmoja kutoka mbali, akaunganisha mtungi wake, akajaza gesi, akalipwa. Baada ya kila ziara jokofu lilipoza kwa wiki mbili au tatu, jambo lililothibitisha, kwa macho ya mwandishi, kwamba kweli gesi ilikuwa imeisha. Ilichukua muda mrefu kung'amua kwamba nafuu hiyo ilitokana na sababu nyingine kabisa, kwani fundi alipofanya kazi alilivuta jokofu mbali na ukuta, nalo likabaki hapo likipata hewa mpaka kijana wa dukani alipolisukuma tena nyuma ili kupanua nafasi ya wateja. Mara ya nne maziwa ya siku mbili yaliganda yote kwa usiku mmoja, na harufu yake iliwafikia wateja kabla ya mwandishi kuamka.

Aliyekuja safari hiyo alikuwa mzee wa hapohapo jirani, fundi wa redio na majokofu, ambaye hakushika mtungi wala geji ya kupimia shinikizo la gesi. Alipiga goti, akafungua skrubu nne za wavu wa chini, akawasha tochi ndogo na kuiweka nyuma ya kondensa, kisha akamwita mwandishi ainame atazame kutoka upande wa mbele. Hakuna mwanga uliopita. Mzee alisema, "Mura, friji hii haina njaa ya gesi, imekosa pumzi," mura likiwa neno ambalo wazee wa Kikurya hutumia kumwita kijana. Alitumia brashi laini ya kupakia rangi, akiivuta kutoka juu kwenda chini kufuata mstari wa mabati wala si kukatisha, kwa kuwa mabati hayo hupindika kwa urahisi na yakipindika huziba njia ya hewa sawa na vumbi lenyewe. Kilichotoka kilikuja kama kipande cha blanketi la kijivu, kimeshikana kwa mafuta, na ndani yake mlikuwa na manyoya ya kuku, nywele na karatasi moja ya pipi. Kikajaza nusu ya kopo kubwa la maziwa ya unga. Alipoirudisha tochi nyuma, mwanga ulipenya katika mistari myembamba iliyonyooka kama jua la asubuhi kwenye ukuta wa mabua.

Ndipo geji ilipotolewa, nayo ikaonyesha kuwa gesi ilikuwa imezidi kipimo, matokeo ya kule kujazwa mara tatu, na gesi inapozidi hupandisha shinikizo na kuichosha kompresa kama vile vumbi lifanyavyo. Mzee aliipunguza kwa kuiachia hewani, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wengi, na mwandishi alitazama bila kujua kwamba hilo nalo lilikuwa kosa.

Imani kwamba gesi ya jokofu huisha inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu imewagharimu wafanyabiashara fedha nyingi. Gesi hiyo haichomwi kama petroli ya pikipiki au gesi ya kupikia. Huzunguka ileile, miaka na miaka, na kama imepungua basi kuna tundu mahali fulani, kwenye kiungo kilicholehemewa vibaya au kwenye koili iliyotobolewa au kuliwa na kutu. Fundi anayejaza gesi bila kulitafuta tundu hilo kwa povu la sabuni au kwa kifaa maalumu, na bila kuliziba, anauza kitu kitakachotoroka. Kadhalika gesi inayotoroka haipotei bila madhara. Ile ya zamani iliyoitwa R12 ilitumika duniani kote mpaka wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha, mwaka 1974, kwamba gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni, yaani ngao ya angani inayopunguza miale mikali ya jua, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikaanzisha safari ya kuziondoa sokoni. R134a, iliyochukua nafasi yake, haiharibu ozoni, lakini uwezo wake wa kuongeza joto la dunia hukadiriwa kuwa zaidi ya mara 1,000 ya ule wa hewa ya ukaa kwa uzito uleule, na ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo pia. Majokofu mapya ya maonyesho sasa hutumia zaidi R290, ambayo ni propani, au R600a, ambayo ni isobutani, na hizi zina madhara madogo sana kwa hali ya hewa lakini hushika moto. Kwa hiyo kibandiko chenye alama ya mwali wa moto nyuma ya jokofu kisomwe kabla ya fundi kuruhusiwa kuwasha mtungi wake wa kulehemu, na yeyote asiyejua tofauti kati ya gesi hizi asiguse mirija.

Usafi wa ndani ni suala lingine, na hapa hasara huingia polepole. Wiki chache baada ya ziara ya mzee yule, upande wa maziwa ulianza kutoa harufu ya uchachu ambayo haikuondoka hata rafu zilipooshwa, na ilibainika kuwa chanzo ni tundu dogo la maji lililoko sakafuni mwa kabati, chini ya rafu ya mwisho. Unyevu wa hewa unaoganda juu ya koili ya ndani huyeyuka na kutiririka kupitia tundu hilo hadi kwenye sinia la plastiki lililo juu au kando ya kompresa, ambako joto huyakausha maji hayo. Maziwa yanapomwagika na kufuata njia hiyohiyo, huganda ndani ya mrija, maji hukosa pa kwenda, na sakafu ya kabati hugeuka kidimbwi cha vijidudu. Kilichosaidia kilikuwa maji ya uvuguvugu yaliyosukumwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mara tano au sita, mpaka yalipotoka meupe na hatimaye masafi upande wa pili, pamoja na sinia lenyewe kuvutwa na kuoshwa, kazi ambayo bila shaka haikuwa imefanywa tangu jokofu lilipotoka kiwandani.

Tangu siku hiyo usafi wa ndani ulifanywa kila Jumatatu asubuhi, wakati bidhaa ni chache. Plagi ilichomolewa kwanza, bidhaa zikahamishiwa kwenye ndoo zenye barafu, rafu zikatolewa na kuachwa kidogo zipoteze ubaridi wake, kwani kioo cha baridi kinachomwagiwa maji ya moto huweza kupasuka. Kisha kuta na rafu zikaoshwa kwa sabuni ya maji na kitambaa laini, zikasuuzwa, zikakaushwa kabisa. Stiliwaya haikuruhusiwa, kwa kuwa mikwaruzo yake huwa makazi ya uchafu. Jiki ilitumika mara moja moja, ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi na kusuuzwa baadaye, bila kuigusisha koili, kwa maana klorini hula metali, na bila kamwe kuichanganya na siki au dawa nyingine ya kusafishia, kwa maana mchanganyiko huo huweza kutoa hewa yenye sumu. Harufu iliyobaki iliondolewa kwa kijiko cha magadi soda ndani ya maji ya uvuguvugu.

Wapo wanaodhani kwamba ubaridi wenyewe huua vijidudu, na dhana hiyo ni ya hatari. Ubaridi wa nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake huwapunguza kasi wengi wao, lakini bakteria aitwaye Listeria huendelea kuzaliana polepole hata humo. Mlipuko wake nchini Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, uliotokana na nyama za kusindika zilizo tayari kuliwa, uliua watu zaidi ya 200. Jamii za wafugaji katika Afrika Mashariki zimelijua jambo hili kwa uzoefu tangu kale, na ndiyo maana katika nyingi kati yake kibuyu cha maziwa husafishwa kwa moshi au mkaa wa miti iliyochaguliwa kabla ya kutiwa maziwa mapya. Mama mmoja aliyekuwa akileta maziwa dukani kila alfajiri alikuwa akichungulia ndani ya kabati na kunusa kabla ya kukubali kuyaacha, na kwa mwandishi kunusa huko kulikuwa ukaguzi wa haki kuliko wowote aliowahi kufanyiwa.

Kuhusu barafu inayojijenga juu ya koili ya ndani, maelezo ni mafupi. Barafu ikizidi unene wa nusu sentimita huwa kama blanketi linalozuia joto kuifikia gesi, na dawa yake ni kuzima jokofu, kufungua milango na kuweka bakuli la maji ya moto ndani mpaka barafu iachie yenyewe. Kisu hakitumiki. Kijana wa duka la jirani alikitumia, akasikia mlio mwembamba kama wa tairi linalopungua upepo, na koili ile haikuzibika tena.

Umeme nao una sehemu yake, ingawa hubebeshwa lawama kuliko inavyostahili. Gridi ya Tanzania imekusudiwa kutoa volti 230, lakini mwisho wa laini ndefu za vijijini volti hushuka jioni watu wanapowasha taa na pasi kwa pamoja, na kompresa inayojaribu kuwaka kwa volti pungufu hupata moto mithili ya ng'ombe anayevuta jembe lililonasa kwenye mzizi. Umeme unapokatika na kurudi papo hapo, shinikizo ndani ya mirija huwa halijasawazika, na kompresa hulazimika kuanza ikiwa imebanwa. Kifaa kinachouzwa kwa jina la friji gadi huukata umeme volti zinaposhuka au kupanda kupita kiasi, na hungoja dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kompresa. Asiye nacho achomoe plagi umeme unapokatika na ahesabu dakika tano baada ya kurudi, na muda wote huo milango ibaki imefungwa, kwa sababu kioo hakizuii joto kama ukuta wenye povu ndani yake.

Yako mambo mawili madogo ambayo mwandishi alichelewa kuyajua na ambayo yangemwokolea uniti nyingi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. La kwanza ni mpira wa mlango, ule ukanda wenye sumaku ndani yake unaoziba pengo kati ya mlango na kabati: noti ya shilingi 1,000 huwekwa kati yake, mlango ukafungwa, kisha noti ikavutwa, na ikitoka bila kukaza basi hewa ya dukani nayo inaingia kupitia hapo mchana na usiku. Katika jokofu lile noti ilianguka yenyewe kwenye kona ya chini ya mlango wa kulia, ambako sukari ya soda ilikuwa imeganda na kuuinua mpira. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kilitosha, na hakuna kilichonunuliwa. La pili ni upangaji, kwani kreti ya soda za moto ikijazwa yote kwa mkupuo na kuziba matundu ya hewa ya ndani, rafu ya juu huwa baridi na ya chini huwa vuguvugu, na kipimajoto kilichoning'inizwa juu husema uongo. Kipimajoto kiwekwe ndani ya bilauri ya maji kwenye rafu ya kati, kwa kuwa hapo husoma joto la kitu kinachofanana na bidhaa badala ya kusoma hewa inayobadilika kila mlango ufunguliwapo. Samaki waliotoka mialo ya Rorya na nyama mbichi hazikuwekwa humo tena, maana majokofu ya vinywaji hayakuundwa kwa kazi hiyo, na damu inayodondokea chupa haifutiki kwa maelezo yoyote.

Mwandishi alipoondoka Kewanja, jokofu lilikuwa katika mwaka wake wa sita likiwa na kompresa ileile, na makabidhiano ya duka yalijumuisha brashi ya rangi iliyotundikwa kwenye msumari, tochi, na daftari lenye tarehe za kusafisha kondensa, kila wiki mbili wakati wa kiangazi na kila mwezi wakati wa mvua. Binti aliyepokea duka hakulitazama daftari kwanza. Alizunguka nyuma ya jokofu, mahali palipoachwa nafasi ya shubiri moja hadi ukutani, akaweka kiganja chake mbele ya feni, akahisi hewa ya moto ikitoka kwa nguvu, kisha akarudi mbele kuhesabu chupa.